Kamba Nane za Sikudhani

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi maana aliyenihadithia naye sikumuuliza, palikuwa na bonde la mpunga likiitwa Kitomondo. Sogeeni. Wewe uliyejilaza huko nyuma, kaa kitako, hadithi hii haisikilizwi kwa jicho moja. Mwishoni nitawauliza swali, na nikishauliza nanyamaza.

Kitomondo kulikuwa na nyumba nane na mashamba manane. Mpunga ulipoanza kutoa mashuke, walikuja ndege. Wadogo, midomo myekundu, wengi kama moshi wa shamba linalochomwa. Watu waliwaogopa hata kuwataja, wakawa wanasema "wageni". Wageni wako wapi leo? Wageni wamelala ng'ambo ya mto. Ukimsikia mtu anasema "wageni wamevuka", unaona wanawake wanaacha vyungu motoni na kukimbia.

Kila shamba lilikuwa na dungu lake, kile kichanja kirefu cha miti ambacho mtu hupanda akaamia ndege, yaani kuwafukuza wasile mpunga. Kutoka dunguni kamba ndefu ilipita juu ya mpunga, imening'inizwa vibuyu vyenye kokoto. Ukivuta kamba, vibuyu vinapiga kelele, ndege wanaruka. Wakikaidi, unachukua kombeo unawatandika jiwe. Hivyo ndivyo walivyoshinda, tangu jua kuchomoza hadi kuzama. Na mwiko ulikuwa mmoja tu: kamba haiachiwi mpaka mkono mwingine uishike. Una kiu, ita mtu. Umebanwa na haja, ita mtu. Hakuna wa kuitika, vumilia.

Sikudhani aliujua mwiko huo kuliko wote. Alipokuwa na miaka saba, mama yake aliita mtu aje aishike kamba, akaita mpaka koo likakauka, mwisho akaiachia akashuka mtoni kunywa maji. Aliporudi shamba lilikuwa mabua matupu. Mwaka ule walikula mizizi, na mdogo wake Sikudhani, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, hakumaliza msimu wa njaa. Hakuna aliyemlaumu mama kwa sauti. Lakini Sikudhani alikua na hofu ile kifuani, na hofu ile ndiyo iliyomfanya awe mwamiaji hodari kupita wote bondeni. Watu waliona uhodari. Hofu hawakuiona.

Basi mambo yalianza na Bi Rukaya, mjane wa shamba la jirani. Alikuja chini ya dungu akainua uso.

"Mwanangu, magoti yamenikataa, ngazi siiwezi. Nifungie kamba yangu hapo kwako, siku mbili tu."

Sikudhani alikuwa na mume, na binti wa miaka sita aitwaye Mize, na kamba moja mkononi. Aliutazama mkono wa pili uliokuwa mtupu. Akasema, "Haya, funga."

Siku mbili zikawa msimu mzima. Msimu uliofuata akaja Jumbe Pazi, mkuu wa bonde. Mke wangu amejifungua, nifungie na yangu. Haya, funga. Akaja wa nne, ana harusi. Funga. Akaja wa tano, ana msiba. Funga. Wa sita hakuwa na udhuru wowote, alisema tu mbona wenzake wamefunga. Funga. Wa saba hakuuliza, na wa nane pia hakuuliza. Sikudhani alipanda asubuhi akazikuta kamba zao zimeshafungwa, zinamngojea.

Sasa mtasema mikono miwili itashikaje kamba nane? Mumewe alikuwa na jibu. Mbaruku alikuwa fundi wa kusuka kamba, na alimpenda mkewe, na alijivuna naye. Alimtengenezea vitanzi: viwili vya viganja, viwili vya viwiko, viwili vya kiuno, viwili vya magoti. Akavizungushia matambara ndani visimchubue. Kila alfajiri alipanda naye dunguni akamfunga kimoja kimoja, taratibu, akimwuliza, "Hiki hakibani, Mama Mize?" Naye Sikudhani alisema hakibani.

Na wifi yake, Kidawa, dada wa Mbaruku, alitunga wimbo. Wanawake waliuimba wakitwanga: Sikudhani hachoki, wageni wanamjua, Sikudhani hachoki. Wimbo ulikuwa mtamu, ulivuka mto. Na nyumba saba zikayabomoa madungu yao. Miti mizuri ile iozee juani kwa nini? Mmoja akajengea zizi, mwingine akapikia. Hapo ndipo watu wa Kitomondo walipokosea, na siku ile walijiona werevu kwelikweli.

Msimu wa kwanza wa kamba nane, Sikudhani aliacha kula akiwa amekaa. Msimu wa pili aliacha kucheka. Mtu akisema jambo la kuchekesha alimtazama mdomo, kama anayesubiri aambiwe habari mbaya. Kitandani mikono yake ilivuta kamba ambazo hazipo. Mbaruku alimshika viganja vikatulia, akaviachia vikaanza tena. Siku moja alimwita binti yake, akafungua mdomo, jina halikuja. Alisimama mlangoni akilitafuta jina la mtoto aliyemzaa mwenyewe.

"Naogopa, Baba Mize," alimwambia mumewe.

"Unaogopa nini?"

"Nasikia mabawa."

"Saa hizi wageni wamelala."

"Nayasikia humu." Akajigusa sikio.

Mbaruku naye aliogopa, niwaambie kweli. Lakini mpunga ulikuwa unakaribia, zimebaki wiki saba tu. Akasema, "Jikaze kidogo, tunakaribia kuvuna." Alfajiri akamfunga.

Basi siku hiyo hiyo, jua likiwa limepanda kidogo, Mize alitoka nyumbani na kibuyu cha uji kichwani, kumpelekea mama yake. Alipita katikati ya mpunga. Mpunga ulikuwa mrefu kumzidi, kwa hiyo juu dunguni Sikudhani hakuona mtoto. Aliona mashuke yanatikisika. Yanatikisika yakisogea. Yanasogea kuja kwake.

Akatia jiwe kwenye kombeo, akarusha.

Jiwe lilikipata kibuyu kikapasuka. Uji ukamtiririkia Mize usoni, wa moto. Mtoto akasimama. Hakulia. Alifika mahali palipo wazi, akainua uso, akasema, "Mama, ni mimi."

Walikuwa wanatazamana, jamani. Hatua ishirini hazifiki. Na Sikudhani alitazama uso ule akaona midomo myekundu, maelfu, inafunguka na kufumba. Akaokota jiwe la pili. Kubwa zaidi.

Aliyekuwa nyuma ya Mize njiani ni Kidawa. Alikuwa na mundu mkononi, anakwenda kukata majani. Aliona kibuyu kinapasuka, aliona jiwe la pili linatiwa, aliona macho ya wifi yake. Akaita, "Wifi! Wifi!" Haikusaidia. Kukimbilia ngazi asingewahi. Kumkimbilia mtoto asingewahi. Kamba zote nane zilikutana kwenye nguzo moja chini ya dungu kabla ya kutawanyika mashambani, na nguzo ile ilikuwa karibu naye. Kidawa alijua mwiko. Alijua pia kilichomo mashambani, chakula cha nyumba nane. Akainua mundu akazikata, zote nane, kwa mapigo matatu.

Vibuyu vya bonde zima vikanyamaza kwa mara moja.

Na Sikudhani akaanguka. Kumbe muda wote ule zile kamba ndizo zilizokuwa zimemshikilia wima. Alianguka chali juu ya kichanja, jiwe likamtoka mkononi, akalala macho wazi. Kidawa alipomfikia alimkuta anapumua, na midomo inasema neno moja. "Nani ameshika? Nani ameshika? Nani ameshika?"

Kule ng'ambo ya mto, wageni walikuwa wamesikia ukimya. Wakavuka.

Mbaruku alikuja mbio akambeba mkewe begani, akamshika Mize mkono, akaondoka. Hakutazama nyuma. Alikwenda naye mwendo wa siku mbili, hadi milimani kwa dada wa mama yake, mahali wanapolima ndizi na hakuna mpunga wala vibuyu. Huko alimwuguza siku arobaini. Siku saba za mwanzo Sikudhani alilala tu. Siku saba za pili alilia, bila kusema analilia nini. Mbaruku alimwosha, alimpikia uji, alimkalisha mkekani akamwambia, "Kula umekaa." Alimfunga Mize kitambaa kwenye shavu lililoungua. Na kila mara mkewe alipouliza, "Nani ameshika kamba?", alijibu, "Zote zimeshikwa. Wageni hawakuvuka." Ulikuwa uongo, lakini ndio uliompa usingizi. Siku ya thelathini na kitu Mize aliteleza kwenye ganda la ndizi, akakaa chini kwa kishindo, na Sikudhani akacheka. Mbaruku alitoka nje akaenda kulia nyuma ya nyumba.

Na bondeni je? Bondeni, ile siku kamba zilipokatwa, watu walikuwa wanakimbia huku na huku wakiulizana madungu yako wapi. Dungu lilikuwa moja. Aliyelipanda ni Bi Rukaya, yule wa magoti. Aliunga kamba zilizokatwa pale nguzoni, akapanda ngazi kwa viwiko. Akazikusanya mkono mmoja kama mtu anayevuta nyavu, akavuta. Alivuta siku tatu, na hakutaka kupokewa na mtu kabla hawajafanya jambo moja.

"Sishuki na sinyamazi," aliwapigia kelele, "mpaka nione dungu la kila nyumba limesimama! Sikudhani alikuwa na mikono mingapi? Mbona hamkuhesabu? Na mimi ndiye niliyeanza, ndiyo, mimi! Jengeni!"

Wakajenga. Siku ya tatu jioni madungu manane yalisimama, na bega la kulia la Bi Rukaya lilikuwa limeteguka lisirudi tena. Mashamba matano yaliokolewa. Matatu yaliliwa mpaka bua. Wenye matano wakagawana akiba yao ya ghalani na wenye matatu, kila mtu akala nusu shibe, ila njaa ile haikumzika mtu. Na Bi Rukaya akawashinikiza hadi wakakubaliana: kuanzia sasa kila dungu lina watu wawili, mmoja asubuhi, mmoja mchana, na anayeita apokewe kabla hajaita mara ya pili.

Sikudhani aliporudi akayaona madungu manane, na mashamba matatu meupe, alijua amedanganywa.  Alikaa chini palepale njiani akiishika ardhi kwa mikono miwili, akisubiri aambiwe nani amekufa. Akahesabiwa watu wa bonde, nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyekufa. Akaomba ahesabiwe tena.

Sasa hapa ndipo penye kazi yenu, tegeni masikio.

Kitomondo kulikuwa na desturi. Siku ya mavuno, mwamiaji mkuu, na mwaka ule alikuwa bado Sikudhani, hukata shuke la kwanza akampa mtu mmoja, yeyote anayemwona amestahili, hata yeye mwenyewe. Aliyepewa shuke hapandi dungu mwaka mzima. Hashiki kamba, haitwi, haulizwi. Na mwaka ule watu wazima wa bonde walikuwa kumi na saba. Madungu manane, wawili kila moja, kumi na sita. Kwa hiyo mtu mmoja tu angeweza kubaki chini. Jumbe Pazi alisema wazi kwamba hatasamehewa mwingine, maana akisamehewa mmoja kwa huruma, kesho wataomba kumi, na bonde litarudi kulekule kwenye dungu moja.

Wenye mashamba matano wakayavuna, kisha watu wote wakakusanyika uwanja wa kupuria. Sikudhani akasimama katikati na shuke mkononi.

Kidawa alikuja wa kwanza. "Wifi, nilikata kamba. Nisingekata, leo Mize yuko ardhini, nawe hujui hata ni nani aliyemweka huko. Ndiyo, wimbo niliutunga mimi, na kila nikiukumbuka natamani kujing'ata ulimi. Lakini nyumba tatu zile zilizoliwa mashamba haziongei nami. Hawanipi moto, hawanipi chumvi. Wameapa kwamba nikipanda dungu nikaita, hakuna atakayekuja. Wanataka niuvunje mwiko mara ya pili, ili wapate sababu ya kunifukuza. Ninaogopa kupanda, wifi. Nitakufa kiu kule juu, na chini wananitazama."

Wenye nyumba tatu walitazama chini. Hakuna aliyekanusha.

Akaja Bi Rukaya, mkono umefungwa kwa kanga. "Mwanangu, mimi ndiye niliyekuomba siku mbili. Kosa langu nalijua, sihitaji kukumbushwa. Lakini kumshusha mtu aliyechoka ni jambo moja, na kubadili kile kinachomchosha ni jambo jingine. Leo kuna madungu manane. Kesho hakuna mwanamke atakayefungwa kamba nane hapa. Hilo limenigharimu bega. Mganga wa mifupa ameniambia nikilivuta tena, mkono huu utakauka. Nina mkono mmoja uliobaki, na ninaishi peke yangu. Nisaidie."

Akaja Mbaruku. Alikuwa amekonda. Alizungumza polepole, macho yake hayakutulia.

"Mama Mize, mimi ndiye niliyekufunga. Kila alfajiri, kwa mikono hii. Sina la kujitetea. Lakini mikono hii ndiyo iliyokurudisha pia. Siku arobaini sikulala, niliogopa nikilala utaacha kupumua. Nilikudanganya ili upone, na uongo ule umenikaa mwilini. Sasa..."  Akainamisha kichwa ili wengine wasisikie, lakini kila mtu alisikia. "Sasa nasikia mabawa."

Sikudhani alimwangalia mumewe viganjani. Vilikuwa vinavuta kamba ambazo hazipo.

 Aliijua ile hali kama anavyoijua njia ya kwao. Alijua mtu yule akipandishwa dunguni atakuwaje wiki ya pili, na wiki ya tatu, na alijua ni nani atakayempelekea uji.

Watu wakasema, "Haya, toa." Wengine wakaita, "Kidawa!" Wengine, "Bi Rukaya!" Wengine, "Mwenye mkewe!" Sikudhani akainua shuke, akageuka kwa Kidawa, akageuka kwa mjane, akageuka kwa mumewe. Hakuna aliyelitaja jina la Sikudhani mwenyewe. Alikuwa amepona, walimwona. Anakula amekaa. Anacheka.

Ndipo Mize akamvuta upindo wa kanga. Shavu lake lilikuwa na kovu dogo, jekundu bado. Tangu siku ile mtoto yule hakumwambia mtu yeyote habari ya jiwe la pili, wala siku moja hakumwuliza mama yake kwa nini.

"Mama," alisema, "ukipanda tena, mimi nipite njia gani?"

 Kabla hajamjibu, kutoka ng'ambo ya mto, ikaja sauti ndogo ya mabawa. Sikudhani aliisikia. Akawatazama wenzake nyusoni, mmoja mmoja, ajue kama nao wameisikia au ni yeye peke yake. Hakuthubutu kuuliza.

Mbele yake mikono mitatu ilikuwa imenyooshwa. Mkono wa nne ulikuwa wake mwenyewe, umelishika shuke.

Nami nanyamazia hapo. Kidawa aliyekata kamba, Bi Rukaya aliyesimamisha madungu, Mbaruku aliyeuguza, na Sikudhani aliyebeba. Je, nani alistahili? Msikimbilie kujibu. Shuke ni moja, na kila mtakayemnyima, msimu ujao, kila alfajiri, anapanda ngazi.